Taa ya mbele na ya nyuma kwa pikipiki ya zamani: pima umeme kwanza, balbu ununue baadaye

Balbu ya LED iliyoungua baada ya wiki mbili. Hilo ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko lingine lolote kutoka kwa waendeshaji wenzangu hapa Nairobi, na hadithi karibu kila mara ni ileile. Mtu amenunua balbu Kirinyaga Road, akachomekewa palepale kando ya barabara, usiku wa kwanza akafurahi. Siku chache baadaye ikaanza kumetameta, kisha ikazima. Akanunua nyingine, nayo ikaungua. Wengine balbu yao haiungui, lakini kila gari linalokuja mbele linawapigia fulu, yaani taa kali ya mbali, na hawajui wamekosea wapi.

Wote wameponzwa na mambo mawili: balbu ilinunuliwa kabla ya umeme wa pikipiki kupimwa, kisha ikafungwa bila kulengwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume. Umeandikwa kwa pikipiki za 100cc hadi 150cc zilizokula barabara miaka mingi, zile Boxer, TVS na Honda tunazozijua. Tenga siku nzima ya Jumamosi. Anza asubuhi, kwa sababu hatua ya mwisho inahitaji giza na hutaki kuifikia ukiwa umechoka.

## Andaa hivi kabla ya kufungua skrubu yoyote

- Multimita, kile kipimo cha umeme. Ya bei ya chini inatosha, na Luthuli Avenue zimejaa. Hakikisha inapima volti za AC na za DC.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, spana namba 8, 10 na 12, na koleo ya kukatia na kuchunia waya.
- Msasa namba 400 kwa ajili ya vyuma, na namba 800, 1500 na 2000 ikiwa kioo cha taa yako ni cha plastiki.
- Spiriti, kitambaa safi na mswaki wa zamani.
- Waya laini wa nyuzi nyingi, unene wa milimita mraba 1.5, kama mita tatu. Chukua rangi mbili.
- Holda ya fyuzi isiyoingiza maji, na fyuzi za ampea 5 na 7.5.
- Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya volti 12 yenye miguu minne. Hii ni kwa watakaofika hatua ya 6 tu.
- Solda na vile vibomba vya plastiki vinavyojibana vikipashwa moto. Tepu ya umeme iwe ya kuongezea tu. Tepu peke yake huachia gundi kwa joto la injini.
- Chaki, futi ya kupimia, ukuta, na mtu wa kukaa kiti cha nyuma.

Balbu zenyewe usinunue bado.

## Hatua ya 1: Jua pikipiki yako ni ya volti ngapi

Tazama betri. Pikipiki nyingi ni za volti 12, lakini baadhi ya zile kuukuu kabisa ni za volti 6. Kama betri ni ya kuongezwa maji, hesabu vifuniko vyake: vitatu ni volti 6, sita ni volti 12. Yaliyo humu yote ni ya volti 12.

Pima betri injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Iliyojaa vizuri husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma chini ya 12.2, ichaji kwanza, maana vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya.

Sasa washa injini, vuta resi kiasi cha mwendo wa kawaida, upime tena palepale kwenye betri. Unataka kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta, kile kifaa kinachozuia volti zisipande kupita kiasi, imekufa na itaunguza kila balbu utakayofunga, ya bei rahisi na ya bei ghali vilevile. Ibadilishe kwanza. Isiposogea kabisa kutoka 12 na kitu, chaji haifiki kwenye betri, na huo ni ugonjwa wa kutibiwa kabla ya kufikiria taa.

## Hatua ya 2: Taa yako inakula umeme wa AC ama wa DC?

Hapa ndipo balbu nyingi za Nairobi zinapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Ndani ya injini kuna koili zinazozalisha umeme gurudumu la sumaku linapozunguka. Umeme huo hutoka ukiwa wa mkondo geu, yaani AC: unakwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa sekunde. Betri haiwezi kutunza umeme wa namna hiyo, kwa hiyo sehemu yake hunyooshwa na kuwa DC, yaani mkondo mnyofu, kabla ya kufika kwenye betri. Lakini katika pikipiki nyingi ndogo za zamani taa ya mbele haipiti kwenye betri kamwe. Inalishwa AC moja kwa moja kutoka kwenye koili, regyuleta ikizuia tu volti zisipande kupita kiasi.

Balbu ya halojeni haijali. Ni waya unaopata moto, na moto ni moto umeme ukienda mbele ama ukirudi nyuma. LED inajali sana. LED iliyotengenezwa kwa DC ikipewa AC huwaka nusu ya muda, humetameta, na ile saketi ndogo iliyo shingoni mwake hupigwa na umeme wa kinyume hadi ife. Balbu haikuwa mbovu. Ililishwa chakula kisicho chake.

Kupima ni rahisi. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa swichi ya taa.

Taa ya mbele ikiwaka kwa nguvu yake yote, umeme unatoka kwenye betri: una DC.

Isipowaka hadi injini iwashwe, na ikawa inafifia injini ikitulia na kung'aa ukivuta resi, una AC.

Thibitisha kwa multimita. Chomoa plagi ya nyuma ya taa, washa injini, weka mita kwenye V yenye kimawimbi, gusa waya wa dimu (taa ya chini) na waya wa eathi (ule wa hasi, unaorudi kwenye fremu). Ukisoma volti 12 hadi 14 hivi, na ukigeuza mita kwenye V ya mstari mnyofu ikashuka karibu na sifuri, basi ni AC bila shaka.

Rudia kipimo hicho kwenye taa ya nyuma. Mara nyingi taa ndogo ya nyuma hufuata ya mbele na kula AC, huku taa ya breki, honi na indiketa zikila DC ya betri. Hiyo ndiyo sababu mtu anafunga LED nyuma, breki inawaka vizuri kabisa, lakini taa ya kawaida inatetemeka kama mshumaa kwenye upepo.

Andika majibu mawili kwenye karatasi: mbele AC ama DC, nyuma AC ama DC. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

## Hatua ya 3: Tafuta volti zilizopotea njiani

Nyaya za pikipiki ya miaka kumi zina kutu ndani ya plagi, na eathi imefungwa juu ya rangi na matope. Umeme unaondoka kwenye betri ukiwa mzima na kufika kwenye taa ukiwa nusu mgonjwa. Kwa halojeni hasara ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30.

Kama taa yako ni ya DC, pima hivi taa ikiwa inawaka:

Mguso mmoja wa mita kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye waya wa dimu nyuma ya balbu. Kinachosomeka ni volti zilizopotea njiani. Chini ya 0.5 ni sawa. Ukiona 1 ama 2, kuna plagi ama swichi inayokula mwanga wako.

Kisha mguso mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye waya wa eathi wa taa. Hapa unataka chini ya 0.2.

Wa AC hawezi kupima kwa njia hiyo, lakini usafi ni uleule. Fungua kila plagi iliyo ndani ya kibweta cha taa ya mbele, sugua vyuma kwa mswaki na spiriti, nyoosha vilivyopinda. Fungua skrubu ya eathi inayoshika fremu, kwangua rangi kwa msasa 400 hadi chuma kimetemete, funga tena kwa nguvu na upake vaselini juu kuzuia maji. Fungua pia swichi ya kwenye usukani uisafishe, lakini taratibu: kuna springi na kijipira cha chuma ndani yake, na kikiruka kwenye majani hukioni tena. Weka ndoo chini ya mikono yako.

Washa taa tena. Nimeona pikipiki zaidi ya moja ambazo kazi iliishia hapa. Mwenyewe alitazama ukutani, akanitazama mimi, akazirudisha pesa zake mfukoni.

## Hatua ya 4: Kagua kioo na sahani ya kuakisi

Sahani ya fedha iliyo nyuma ya balbu ndiyo inayoutupa mwanga barabarani. Ikiwa imebabuka ama imeingia kutu, hakuna balbu duniani itakayoisaidia. Nunua taa nzima. Usiisugue kwa kitambaa kikavu wala kwa sabuni ya masizi. Ule utando wa fedha ni mwembamba mno na hutoka mara moja. Kama ni vumbi tu, puliza.

Unaponunua taa nzima, tazama kioo chake kwa makini. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo dimu inapaswa kuinuka kidogo upande wa kushoto, imulike ukingo wa barabara na wanaotembea kwa miguu. Taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia huinuka upande wa kulia, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Kuilenga vizuri hakutaiponya. Irudishe.

Kioo cha plastiki kilichogeuka manjano kinasafishika: msasa 800, kisha 1500, kisha 2000, vyote kwa maji, ukimalizia na dawa ya kung'arishia rangi ya gari.

## Hatua ya 5: Sasa nunua balbu

Toa balbu ya zamani uende nayo. Shingoni imeandikwa aina na nguvu yake. Pikipiki nyingi za ukubwa huu hutumia HS1 ya wati 35/35. Nyingine hutumia balbu ndogo za shingo nyembamba zenye pini mbili.

Dukani mazungumzo huenda hivi, nimeyasikia mara nyingi:

"Boss, hii LED ni ya AC ama DC?"

"Hiyo inaingia pikipiki yoyote, kaka."

Kuingia kwenye tundu ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Omba boksi uisome. Kama lina "DC" peke yake na karatasi yako inasema AC, irudishe kwenye rafu. Kama limeandikwa AC/DC, ndani yake kuna kifaa cha kunyoosha umeme, na inaweza kukufaa bila kugusa nyaya.

Onyo kuhusu H4. Balbu ya gari ya H4 inafanana sana na HS1, na kuna watu wanaopiga tupa masikio yake hadi iingie. H4 ni wati 60/55. Mfumo wa pikipiki yako uliandaliwa kwa wati 35. Koili haitamudu, na kibweta cha plastiki kitayeyuka. Jirani yangu alifanya hivyo. Sahani ya kuakisi ilipinda kwa joto ndani ya mwezi mmoja, na sasa taa yake inamulika matawi ya miti.

Kwa LED, angalia mambo matatu:

Vipande vinavyowaka vikae pale hasa nyuzi za balbu ya zamani zilipokuwa, na kipande cha dimu kiwe na kikombe kidogo cha chuma chini yake kama kile cha HS1. Kikombe hicho ndicho kinachozuia mwanga usipande juu. LED isiyokuwa nacho humwaga mwanga kila upande, na ndiyo hiyo inayopigiwa fulu Thika Road nzima.

Pima urefu wa sehemu ya nyuma. LED nyingi zina mapezi ya kupoza ama feni, na kibweta cha taa ya pikipiki hakina nafasi kubwa. Ule mpira wa nyuma ukishindwa kufunga, mvua ya Aprili itaingia.

Rangi. Nyingi zinazouzwa ni nyeupe ya samawati, 6000K na kuendelea (K ni kipimo cha rangi ya mwanga). Mimi nachagua ya karibu 4300K, yenye umanjano kidogo. Kwenye mvua na lami iliyolowa macho yangu yanaona mashimo vizuri zaidi, na anayekuja mbele haumii sana.

Wati 12 hadi 20 za LED nzuri zinatosha kwa mji huu. Usinunue kwa tarakimu kubwa zilizoandikwa kwenye boksi.

Na kama taa yako ni ya AC na hutaki kuhangaika na nyaya, HS1 mpya ya halojeni kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, kwenye plagi safi na sahani nzima, ni chaguo la heshima. Ruka hadi hatua ya 7.

## Hatua ya 6: Kuhamisha taa kutoka AC kwenda DC

Hatua hii ni ya mwenye AC anayetaka LED isiyofifia injini ikitulia kwenye foleni. Kama una DC tayari, pita.

Fanya hivi kwa LED peke yake. Usihamishie halojeni ya wati 35 kwenye betri ya pikipiki ya AC. Upande wa betri katika mfumo huo hupata sehemu ndogo tu ya umeme wa koili, na halojeni itaimaliza betri njiani.

Kabla ya kukata ama kuunga chochote, chomoa waya wa hasi wa betri. Usiseme utakuwa mwangalifu, chomoa.

Tafuta waya unaoleta AC kwenye swichi ya taa. Mara nyingi ni wa manjano na unatoka kwenye regyuleta, lakini hakikisha kwa multimita injini ikiwaka, kabla hujachomoa betri, kwa sababu rangi hubadilika kati ya pikipiki na pikipiki, na mafundi waliotangulia huunga chochote walichokuwa nacho. Utenganishe na swichi, kisha ufunike ncha yake inayotoka kwenye regyuleta kwa kibomba na tepu hadi isiguse kitu.

Onyo kubwa kuliko yote humu: usiunge umeme wa betri kwenye swichi ya taa kabla ya kuitenganisha na waya huo wa regyuleta. Betri itamwaga umeme wake wote kwenye koili, na koili itaungua.

Rilei ina namba miguuni. Unga hivi:

- 30: kutoka chanya ya betri, ukipitia fyuzi ya ampea 5. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 15. Waya ukichubuka njiani, fyuzi iliyo mbali haitakuokoa.
- 87: kwenda kwenye ule mguu wa swichi ya taa uliokuwa ukipokea AC.
- 86: kutoka kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, kwa mfano ule unaolisha honi ama indiketa.
- 85: kwenye eathi, juu ya chuma kilichokwanguliwa.

Swichi ya fulu na dimu inabaki kama ilivyokuwa, na ufunguo ukizimwa taa inazima. LED ya wati 18 inakula ampea 1.5 tu, kwa hiyo fyuzi ya 5 inatosha hata ukijumlisha taa ndogo ya nyuma na ya saa ya mwendo.

Pitisha nyaya kando ya zile za zamani, mbali na sailensa, na uziachie ulegevu shingoni mwa pikipiki. Geuza usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Waya ukikazika, utakatika, na utakatika usiku.

Rudisha hasi ya betri. Washa injini, vuta resi ya kawaida, fulu ikiwaka na breki imekanyagwa, pima betri. Ukisoma 13.2 ama zaidi, umefaulu. Ikikaa chini ya 12.6 hata ukiwa na resi, unakula kuliko unavyochaji: weka LED ndogo zaidi ama urudi kwenye HS1. Injini ikitulia volti zitashuka, na hilo ni kawaida.

Regyuleta sasa itapata moto kidogo zaidi, kwa kuwa inaumeza umeme ambao taa haiutumii tena. Hakikisha mapezi yake yanapata upepo na hayajafunikwa na matope.

## Hatua ya 7: Funga balbu ya mbele

Halojeni usiiguse kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi hupika sehemu moja na balbu hupasuka. Ukigusa, futa kwa spiriti.

Masikio matatu yanaingia kwa namna moja tu. Yakikataa usilazimishe, geuza. LED yenye shingo inayozunguka uipange ili vipande vyake vitazame kushoto na kulia, saa tatu na saa tisa, kama mishale ya saa. Vikitazama juu na chini, dimu inavurugika.

Rudisha mpira wa nyuma vizuri. Usipake vaselini kwenye holda ya balbu, joto litaiyeyusha hadi kwenye sahani.

## Hatua ya 8: Taa ya nyuma

Nyuma watu hupita haraka, na mimi nasisitiza msipite. Ukiwa Outering Road saa mbili usiku, aliye nyuma yako ni matatu, na kitu pekee anachokijua kuhusu wewe ni taa hiyo.

Balbu ya kawaida huko ni P21/5W, yenye nyuzi mbili: wati 5 za taa ndogo na wati 21 za breki. Pini zake mbili za ubavuni haziko kwenye kimo kimoja, makusudi, ili usiifunge kinyume. Ukiona taa ndogo inang'aa sana na breki haionyeshi tofauti, mtu amelazimisha balbu kinyume ama amefunga ya uzi mmoja.

Ukichagua LED, iwe na vipande ubavuni pia, si kichwani peke yake. LED ya kichwa tu huonekana kutoka nyuma moja kwa moja, lakini anayekuja kwa pembeni kwenye mzunguko haioni.

Halafu suala la rangi. LED nyekundu nyuma ya kioo chekundu hung'aa vizuri zaidi, ile nyeupe hutoa uwaridi. Lakini chungulia chini ya taa yako: nyingi zina kidirisha kisicho na rangi kinachomulika namba ya usajili, ile inayoanza na KM. LED nyekundu itaipaka namba wekundu isisomeke vizuri. Kwa hiyo, taa yenye kidirisha iwekee LED nyeupe ya umanjano kidogo yenye vipande pande zote, ama weka nyekundu kisha uongeze kitaa kidogo cheupe cha namba.

Sasa jaribu. Taa ndogo ikiwa inawaka, bana breki ya mkono, kisha kanyaga ya mguu, kila moja peke yake. Zote mbili ziwashe. Ya mguu ina swichi yenye springi karibu na pedali. Zungusha nati yake hadi taa iwake pedali inapoanza tu kushuka, kabla gurudumu halijashikwa. Ikichelewa, matatu inajua umesimama wakati wewe umeshasimama.

Ukikanyaga breki na taa ndogo ikazima, ama indiketa zikawaka kwa mbali, eathi ya nyuma ni mbovu. Rudi hatua ya 3 uifanye upande huo.

Wanaobeba kreti za maziwa, magodoro ama mitungi ya gesi: keria na mzigo huifunika taa. Shuka, tembea nyuma hatua ishirini, utazame. Kama huioni, hamisha taa hadi mwisho wa keria ama uongeze nyingine pale, na ubandike utepe mwekundu wa kuakisi pande zote mbili za chuma.

## Hatua ya 9: Lenga

Taa isiyolengwa haijafungwa bado.

Jaza upepo kwenye magurudumu. Tafuta sakafu iliyosawazika mbele ya ukuta. Uwanja wa kuegesha magari ama nyuma ya ploti vinafaa. Giza huingia kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo saa moja usiku unaweza kuanza.

Weka pikipiki mita 5 kutoka ukutani, ikiwa imesimama wima juu ya magurudumu yote mawili, nawe umeketi. Kama kazi yako ni kubeba abiria, abiria akae nyuma. Hilo watu husahau: uzito wa nyuma hushusha springi, mbele inainuka, na taa iliyolengwa bila abiria huwa machoni mwa watu siku nzima ya kazi.

Pima kimo kutoka sakafuni hadi katikati ya taa. Chora mstari wa chaki ukutani kwa kimo hichohicho. Chora wa pili sentimita 5 chini yake.

Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga, pale unapokatika kuingia giza, ulale juu ya mstari wa pili. Hiyo ni kushuka kwa asilimia 1, sentimita 1 kwa kila mita, na ndivyo mwanga unavyofika mbali bila kupanda kwenye vioo vya wengine. Legeza skrubu ya taa, inamisha ama inua, kaza, tazama tena. Kukaza mara nyingi husogeza kidogo, kwa hiyo rudia hadi itulie.

Kama huoni ukingo wowote, ni wingu tu la mwanga, zungusha shingo ya LED kidogo tu. Likibaki wingu, balbu hiyo haifai kwenye sahani yako. Inauma kuirudisha dukani, lakini irudishe.

Kisha washa fulu: kiini chake kiwe karibu na mstari wa kwanza, katikati.

Nenda barabarani na rafiki, mwombe asimame mita 50 mbele yako ukiwa na dimu. Akikinga macho, shusha kidogo. Asipokinga, na wewe ukaiona kandokando ya barabara upande wa kushoto bila kukaza macho, imekaa.

## Baada ya kilomita mia moja

Mtikisiko hulegeza kila kitu. Kaza upya skrubu za taa, gusa holda ya fyuzi kama ina joto (isiwe nalo), na upime betri tena asubuhi kabla ya kuwasha. Ikisoma ileile iliyosoma hatua ya 1, hakuna kinachonyonya umeme usiku. Ukiosha pikipiki kwa pampu, mwambie kijana wa kuosha asielekeze maji nyuma ya taa ya mbele, na siku hiyo uchungulie kioo jioni: ukungu kwa ndani maana yake mpira wa nyuma haujakaa.